Bi Nukta na Waya Usiochomoka

Walimwita Bi Nukta kwa sababu aliwawekea madiwani nukta ambazo wao wenyewe hawakuwa nazo. Diwani akishasimama barazani, maneno yalimtoka robo saa nzima bila kituo wala pumzi, kisha akaketi anajifuta jasho huku wenzake wakipiga meza. Kesho yake rekodi ililetwa chumba cha kumbukumbu. Bi Nukta alivaa hedifoni, akaweka mguu kwenye pedali ya kusimamishia na kurudishia sauti, akaanza kuchambua humo sentensi mbili tatu zilizokamilika. Zilizobaki alizipiga pasi yeye mwenyewe. Kumbukumbu zikitoka kuchapwa, diwani alijisoma, akajipenda. "Siku ile nilinguruma," aliwaambia wapiga kura wake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili kuuliza ni nani aliyemngurumisha.

Miaka ishirini na mitatu alikaa kwenye chumba hicho. Kilikuwa na meza nane, wanawake wanane, dirisha moja lililogoma kufunguka, na kabati la chuma ambalo mlango wake ulifungwa kwa kusukumwa na goti. Aliwajua madiwani kwa koo zao. Alimjua anayemeza mate kabla ya kudanganya, anayekohoa akiulizwa swali, na yule anayemnong'oneza jirani yake habari za mke wa mtu huku kinasa sauti kimewashwa. Akikutana nao kwenye ngazi hakuwatambua sura, na wala hakujisumbua. Walikuwa wakimpita wakinukia manukato, naye akijisemea moyoni, huyu ndiye yule asiyejua tofauti ya mfereji na mtaro.

Katika watu wote wa jengo lile, hata hivyo, hakuna ambaye Bi Nukta alimdharau kama ofisa ugavi. Huyu aliletwa kutoka idara nyingine, kitambi mbele, kalamu tatu mfukoni, na neno moja kinywani. Kila alichonunua kilikuwa imara. Viti imara, mapazia imara, hata sabuni ya chooni aliiita imara. Wanawake wa kumbukumbu wakambatiza Bwana Imara, na yeye aliposikia akadhani ni sifa.

Zamani chumba kilikuwa na hedifoni kuukuu, nyeusi, zilizobanduka ngozi masikioni, lakini nyaya zake zilichomoka. Waya ukikatika, ulivuta mwingine kwenye boksi lililokaa ndani ya kabati, ukachomeka, ukaendelea na diwani wako pale alipokuwa hajamaliza kuropoka. Bwana Imara alipofanya ukaguzi alikuta nyaya mbili hazipo. Mtu alikuwa amezichukua, labda kwa redio yake ya nyumbani. Ofisa mwingine angenunua nyaya mbili. Yeye aliandika ripoti ya kurasa kumi na moja, hedifoni zote zikatupwa, na baada ya siku chache akaja na maboksi manane yenye sponji ndani kama vyombo vya arusi.

"Hizi ndizo wanazotumia wanaorekodi muziki," alitangaza, amesimama katikati ya chumba. "Daraja la juu kabisa. Na waya wake hauchomoki. Umechomelewa ndani moja kwa moja. Mnajua kwa nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu kila kiungo ni mlango wa kelele. Pakiwa na tundu na plagi, sauti inapotea njiani. Hapa hakuna tundu, hakuna plagi ya kulegea, na hakuna waya wa kuibwa. Imara!"

Bi Nukta alinyoosha kidole kama mwanafunzi. "Na waya ukikatika?"

"Hautakatika."

"Waya ukikatika, mkuu wangu. Nauliza tu."

"Mama, nimekwambia hautakatika. Huu si waya wa redio ya mbao." Akacheka peke yake, akatoka.

Bi Nukta hakuwa mtu wa kuonea. Alipozivaa alikiri kwamba zilikuwa na sauti tamu ajabu. Zilimkalia kichwani kama mikono ya mtu mpole. Kwa mara ya kwanza alisikia karatasi zikifunuliwa safu ya nyuma, saa ya ukutani, na tumbo la mwenyekiti likinguruma kuelekea saa saba. Kama ubora ungekuwa ni sauti peke yake, angefunga mdomo. Tatizo ni kwamba mle ndani watu wanane walikaa kwenye viti vya magurudumu siku nzima, wakizunguka, wakiinuka, wakifungua droo. Waya ule mrefu ulikanyagwa, ukabanwa, ukavutwa. Kila ulipovutwa, ulivutika mahali pamoja tu, pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio la kushoto.

Mwezi wa nne tangu ziletwe, ya kwanza ilianza kukwaruza. Wa tano, tatu zaidi. Wanawake wakajifunza mikao ya ajabu. Mmoja alifanya kazi ameinamisha shingo kama anayesikiliza jirani ukutani, mwingine aliubana waya kwa kibanio cha nguo, na Bi Nukta mwenyewe aliubana kwa kidevu kutwa nzima mpaka akapata doa jekundu lisilotoka. Zilizokufa kabisa zilirudishwa kwa Bwana Imara, ambaye alizifungia stoo. Waya peke yake haungeweza kupelekwa kwa fundi, kwa kuwa haukutoka. Ilibidi hedifoni nzima irudi kwa aliyeiuza, kwa fomu, kwa barua ya kusindikiza, kwa sahihi nne.

"Ziko kwenye mchakato," alisema kila alipoulizwa.

Mambo yangeishia kwenye shingo kuuma tu, kama si Mama Pacha. Huyu alikaa meza ya mlangoni. Alikuwa mpole, mwangalifu, hakuwahi kuonywa kwa lolote. Siku moja alipewa rekodi ya kikao kilichozungumzia soko la jioni. Diwani mmoja alisema, kwa sauti yake ya kukokota, "Hatutabomoa vibanda." Waya wa Mama Pacha ulikata kwa kiasi cha kufumba na kufumbua. Silabi moja ikapotea. Akaandika alichosikia: tutabomoa vibanda.

Kumbukumbu zikabandikwa ubaoni chini kwenye lango. Kabla ya saa nne ua wa baraza ulijaa wauza mboga, washona viatu na kina mama wa vitumbua wenye maneno ya moto vinywani. Mlango wa kioo ulipasuka. Yule diwani alijificha kwenye chumba cha mitambo ya lifti, akatolewa ana grisi kwenye suti, na hilo Bi Nukta alilihesabu kuwa faida pekee ya siku ile.

Mama Pacha alisimamishwa kazi. Bwana Imara alitoa maelezo yake bila kope kumcheza. "Vifaa ni vizima," alisema. "Huu ni uzembe wa masikio."

Uzembe wa masikio! Bi Nukta alilitafuna neno hilo njia nzima ya kwenda nyumbani. Mtu ambaye hajawahi kuyatumia masikio yake kwa jambo lolote la maana, ambaye ukimwambia kitu kinapitia huku kinatokea kule, ndiye leo daktari wa masikio ya wenzake. Jumamosi mchana alifika nyumbani kutoka zamu ya nusu siku, mkobani ana hedifoni yake iliyokuwa imekata roho Ijumaa. Hakuipeleka stoo.

Aliishi na mama mkwe wake. Mume alikwisha kufariki miaka tisa iliyopita, na watu walitegemea kila mmoja angeshika njia yake, lakini wale wawili waligundua kwamba wanawachukia watu walewale, wakabaki pamoja. Bibi huyo aliwahi kufanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha kuunganisha redio, benchi la kulehemu. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo meupe, na chuma chake cha kulehemu alikihifadhi kwenye soksi, chini ya mto.

"Mama, nitazamie huyu mgonjwa," alisema Bi Nukta, akaiweka hedifoni mezani.

Bibi akavaa miwani, akaigeuza, akaifungua kwa bisibisi ndogo. Alichungulia ndani ya kikombe cha kushoto, akasonya msonyo mrefu uliomwamsha paka.

"Nani kanunua hii?"

"Bwana mmoja. Anasema kiungo kinaua sauti."

"Hajadanganya sana. Kiungo kibovu kinakwaruza, mimi mwenyewe nimezirudisha redio kibao kwa ajili hiyo. Lakini kiungo kizuri, kilichokazwa, sikio lako halikijui. Wala la bwana huyo. Wala la huyo aliyemuuzia." Aligusa waya kwa ncha ya bisibisi. "Tazama. Spika nzima, sumaku nzima, kila kitu kizima. Kilichokufa ni uzi wa shaba mwembamba kama unywele, hapa mlangoni. Na kila mwenye akili anajua hapa ndipo patakapokufa. Halafu wakapagandisha kwa gundi! Mwanangu, hiyo si hedifoni. Hiyo ni hedifoni iliyofungwa pingu na maiti."

"Inaponyeka?"

"Ukinipa mwanga na ukanyamaza."

Walifanya kazi mchana ule mezani karibu na dirisha. Bibi alikata waya, akakwangua gundi, akatoboa shimo la mviringo kwenye ukuta wa kikombe. Kwenye kopo lake la vyuma chakavu alichagua tundu. La kwanza alilitupa. "Hili linashika kwa kuomba Mungu. Ukilichomeka mara hamsini linalegea, na hapo huyo bwana wako atakuwa na haki ya kukucheka." Akachukua lenye nati ya kukazia kwa nje, akalilehemu kwa matone matatu yanayong'aa, moshi ukimzunguka uso. Jumatatu Bi Nukta alichukua waya mmoja kwenye lile boksi la zamani, ambalo Bwana Imara alisahau kulitupa, akauchomeka. Ukaingia na kutoa mlio mdogo, tak. Akamsikia diwani akimeza mate. Haikupungua hata punje ya sauti.

Ndani ya majuma matatu alikuwa amewabebea wenzake hedifoni nyingine nne, mbilimbili kwenye mkoba, akazirudisha zikiwa na matundu. Kazi iliyokuwa imelala ikaamka. Siku kiti kilipokanyaga waya, waya ulichomoka tu, aliyeketi akaupachika tena bila hata kugeuza shingo. Chumba kizima kikaanza kukaa wima.

Bwana Imara aligundua kwa bahati. Alikuja kuhesabu mapazia. Akaona waya mezani peke yake, hedifoni kando, akapiga ukelele kama aliyekuta kichwa bila mwili.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema Bi Nukta, bila kuacha kuandika.

"Umeharibu mali ya umma!"

"Vaa usikilize."

Hakuvaa. Alizikusanya zote tano, akazitia kwenye mfuko wa takataka, akaufunga kwa utepe, akaandika juu yake: VIELELEZO.

Kamati ya nidhamu ilikaa Alhamisi, chumba cha mikutano kidogo, kinasa sauti kikiwa katikati ya meza. Kulikuwa na katibu wa baraza, mtu mchovu mwenye macho ya usingizi ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikasirika wala kufurahi. Kulikuwa na ofisa utumishi, mwanamke aliyekuja na kanuni zake zimebandikwa vikaratasi vya njano. Na Bwana Imara, katika suti.

"Uliruhusiwa na nani kufungua kifaa?" aliuliza ofisa utumishi.

"Na kifaa chenyewe. Kilikuwa kimekufa."

"Jibu swali."

"Hakuna aliyeniruhusu."

Bwana Imara akadaka hapo hapo. "Umesikia, Katibu? Amekiri. Zile zilikuwa hedifoni za daraja la juu, zimetengenezwa na wataalamu, yeye, nasikia, kaenda kuzitoboa kwa bibi yake jikoni."

"Mama mkwe," alisema Bi Nukta. "Na haikuwa jikoni."

Katibu alijikuna shavu. "Zilizoharibika ziko ngapi?"

"Hakuna zilizoharibika, mkuu. Ziko kwenye mchakato."

"Mchakato gani?"

"Wa kurudishwa."

"Zimekwisha kurudishwa?"

"Mchakato wa kurudishwa umo kwenye mchakato. Yaani, eeh, tunachakata fomu."

"Ile ya yule mama wa habari ya soko, ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa. Inahitaji tu kushikwa vizuri."

"Kushikwaje?"

"Waya unauinua kidogo, unaupinda kuelekea juu, halafu, eeh, hutikisiki."

"Wewe umewahi kuzivaa?"

Bwana Imara alikaa kimya. Ukimya wake ulikuwa mrefu kiasi kwamba hata kinasa sauti kiliusikia. "Mimi binafsi," alisema hatimaye, "kazi yangu ni kununua."

Wakaambiwa wasubiri uamuzi, na uamuzi usingetolewa mpaka kikao kiandikwe. Hapo ndipo walipogonga mwamba. Chumba cha kumbukumbu kilibaki na hedifoni moja tu, nayo ilikuwa ikikata. Nzima zilikuwa tano, na tano hizo zilikuwa kwenye mfuko wa takataka. Halafu zamu ya kuandika, kwa orodha iliyobandikwa ukutani tangu mwanzo wa mwezi, ilikuwa ya Bi Nukta. Wenzake walikataa kubadilishana naye. Hakuna aliyetaka kugusa kesi ya mwenzake.

Ofisa utumishi alipinga. Katibu akapunga mkono. "Rekodi ni rekodi. Mtu mwenye wasiwasi ataisikiliza. Mpeni kielelezo kimoja aandike, tumalize."

Bwana Imara alilazimika kuufungua mfuko mwenyewe na kumkabidhi.

Bi Nukta aliketi, akavaa, akachomeka. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amewasitiri watu. Diwani akikwama alimkwamua, akijirudia alimfuta, akiacha sentensi katikati alimtafutia mwisho wake. Alifanya hivyo kwa mazoea zaidi kuliko kwa huruma, maana huruma hakuwa nayo. Safari hii hakumsitiri mtu. Aliandika kila "eeh". Aliandika kila "mchakato", na palikuwa na kumi na tisa. Pale Bwana Imara aliponyamaza, aliandika katika mabano: kimya, sekunde kumi na nne. Aliurudisha ukimya ule kwa pedali mara tatu kuhakikisha hazikuwa kumi na tatu. Na yeye mwenyewe hakujipamba. Aliacha jibu lake la kwanza likiwa na ujeuri wake wote.

Karatasi tisa. Akazipeleka kwa mkono wake.

Katibu alizoea kusoma kumbukumbu zilizokwisha kuoshwa. Hii aliisoma amesimama, akaketi, akaanza tena upya. Aliagiza rekodi iletwe, akavaa ile hedifoni yenye tundu, akasikiliza sekunde zile kumi na nne peke yake ofisini, mlango wazi, karani wake akimwona. Kisha akaomba aletewe ile nyingine iliyokuwa ikikata. Akauinua waya kidogo, akaupinda kuelekea juu, asitikisike. Alikaa hivyo kama dakika tatu. Karani aliapa baadaye kwamba hiyo ndiyo siku ya kwanza kusikia Katibu akitukana.

Jumatatu uamuzi ukatoka. Mama Pacha alirudishwa kazini na barua ya kumsafisha, akalia mezani pake asubuhi nzima, wenzake wakimpangusa kwa zamu. Zile hedifoni tano zikarudi chumbani, na zilizokuwa stoo zikapelekwa kwa Bi Nukta zitobolewe, safari hii kwa ruhusa ya maandishi. Bi Nukta mwenyewe alipewa barua ya onyo kwa kufungua mali ya umma bila idhini. Alitia sahihi mbele ya ofisa utumishi.

"Huna la kusema?" aliulizwa.

"Nimekwisha kuliandika."

Na Bwana Imara? Waliotegemea kwamba angefukuzwa hawakuzijua ofisi. Mtu wa namna ile hafukuzwi, anahamishwa kwenda juu. Alipelekwa makao makuu ya idara, akapewa chumba chenye zulia na cheo kirefu, mshauri wa uimara wa vifaa. Siku ya kumuaga aliwahutubia wanawake wa kumbukumbu. Alisema siku zote yeye alikuwa muumini wa nyaya zinazochomoka. Bi Nukta alimtazama tangu viatu mpaka utosi, akarudi chini kwenye viatu, akaona hakuna mahali pa kusimamisha jicho.

Nyumbani mama mkwe aliisoma ile barua ya onyo kwa sauti, akairudia sehemu ya "kutoboa bila idhini", akacheka mpaka akashika mbavu. "Miaka thelathini kiwandani sikupata hata cheti," alisema. "Leo serikali inanitaja, japo kwa ubaya."

Miezi miwili baadaye ikaja barua kutoka makao makuu. Mshauri wa uimara wa vifaa alikuwa anaandaa mwongozo kwa mabaraza yote, unaoeleza jinsi ya kuzigeuza hedifoni zenye waya wa kudumu ziwe za waya wa kuchomoka. Alimwomba Bi Nukta amwandikie hatua kwa hatua, pamoja na michoro, naye angeupitia na kutia jina lake. Alimalizia kwa kumshukuru kwa ushirikiano wao mzuri wa siku zote.

Bi Nukta aliisoma mara moja. Alitoa nakala ya barua yake ya onyo, chini yake akaandika kwa mkono kwamba mtumishi huyu, kama inavyoonekana hapo juu, haruhusiwi kugusa mali ya umma, akaikunja, akaitia kwenye bahasha. Akaipeleka masjala igongwe muhuri. Kisha akamgusa Mama Pacha begani, wakashuka kunywa chai.